Mwenyewe, kwa ubia, au umwachie mwenyeji: milango ya kuingilia soko la China ikiwekwa bega kwa bega

Mwezi Novemba 2025 Starbucks, wauza kahawa wa Marekani, ilitangaza kwamba inauza hadi asilimia 60 ya biashara yake ya China kwa Boyu Capital, kampuni ya uwekezaji ya hukohuko, yenyewe ibaki na 40. Ilikuwa na maduka karibu 8,000 na ilikuwa imekaa nchini humo miaka 26. Mwezi huohuo wenye Burger King nao wakaukabidhi mfuko wa uwekezaji wa hukohuko, CPE, sehemu kubwa ya China yao. Mitandaoni watu wakaandika kile wanachoandika kila mara: Wazungu wameshindwa China.

Mimi naisoma habari hiyo kwa namna nyingine. Hawa hawajafunga virago. Wametoka mlango mmoja wakaingilia mwingine, kama wenye KFC walivyofanya 2016 na McDonald's 2017. Ukizipanga hadithi za waliofaulu na za walioanguka, utakuta walioanguka nao walikuwa na bidhaa nzuri, pesa za kutosha na washauri waliovaa tai. Mlango ndio walioukosea.

Milango yenyewe kwa hesabu yangu ni minne. Unaweza kuingia mwenyewe, kila hisa iwe yako. Unaweza kuingia kwa ubia. Unaweza kumwachia mwenyeji aendeshe biashara, wewe ukabaki na jina na mrabaha, yaani malipo kwa kutumiwa jina lako. Au uuze kupitia dirisha la mtandaoni bila kufungua hata ofisi. Ninawalinganishia wale wanaopaswa kuchagua, awe mwanafunzi wa biashara anayetafuta hoja ya tasnifu au mtu mwenye kahawa yake Mbinga anayeiota Shanghai. Na katika kila mlango nitauliza swali lilelile: nani ana ruhusa ya kubadilisha bei, ladha au mpangilio wa duka bila kupiga simu ng'ambo, na jibu huchukua muda gani kurudi?

Naliuliza hilo kwa sababu jibu la kila siku, kwamba "hawakuelewa utamaduni", limenichosha. Tazama biskuti za Oreo. Kraft ilizipeleka China mwaka 1996 zikiwa zilezile za Marekani. Wanunuzi wengi waliziona tamu kupita kiasi, na pakiti yenyewe ghali. Hilo muuza duka yeyote wa Beijing angekwambia wiki ya kwanza, tena bila kutoza ada ya ushauri. Lakini ilipita miaka 10, hadi 2006, ndipo sukari ikapunguzwa, pakiti zikafanywa ndogo za bei ndogo, na ikatoka Oreo ya vipande vyembamba vikavu vilivyopakwa chokoleti, ambayo mnunuzi wa Marekani asingeitambua. Baada ya hapo ikawa miongoni mwa biskuti zinazoongoza nchini humo. Kujua walijua mapema. Ruhusa ndiyo iliyochelewa.

Kuingia mwenyewe

Huu ndio mlango unaopendwa na makao makuu, kwa sababu ukifaulu faida yote ni yako na hakuna wa kubishana naye. Ukishindwa hasara nayo ni yako yote, na mara nyingi inakuja na picha ya duka lililofungwa kwenye ukurasa wa mbele wa gazeti.

Linganisha wawili waliouza vitu vya nyumbani, Home Depot ya Marekani na IKEA ya Sweden.

Home Depot iliingia mwaka 2006 kwa kununua mtandao wa maduka 12 yaliyokuwepo tayari. Septemba 2012 ikafunga maduka makubwa saba ya mwisho, watu 850 wakapoteza kazi, na kampuni ikaandika hasara ya dola milioni 160. Maelezo yake yalikuwa mafupi: China ni soko la "nifanyie", wao walizoea la "nijifanyie". Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hahitaji darasa hapo. Nani kwetu hununua mbao, drili na kopo la rangi Jumamosi ili apige rangi sebule mwenyewe? Unamwita fundi. Fundi ana duka lake la vifaa analolijua, ana bei zake, na ana asilimia yake humo. Wewe unalipa na kugomba.

China kuna jambo la ziada. Fleti mpya nyingi huuzwa zikiwa pagale. Jirani yangu wa Guangzhou alinipeleka kuiona ya kwake siku alipokabidhiwa ufunguo, ghorofa ya 19. Kuta zilikuwa zege tupu, nyaya zinaning'inia darini kama mizizi ya mkoko, na chooni palikuwa na tundu la bomba peke yake. Milango ya ndani hamna. Alikuwa ameshalipa malipo ya kwanza ya mkopo. Ndani ya wiki hiyo ufunguo ukahamia kwa msimamizi wa mafundi, na yeye ndiye aliyekwenda kununua kila kitu, kuanzia mchanga hadi vigae, kwenye soko la jumla lenye vibanda vya watu binafsi ambako hufahamika kwa jina. Jirani yangu hakushika nyundo hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuja jioni, kusimama katikati ya chumba, na kujaribu kukiona chumba ambacho bado hakipo.

Hapo ndipo IKEA ilipopata ugali wake. Ilifungua Shanghai mwaka 1998, mwanzoni kwa ubia kwa kuwa sheria ya wakati huo haikuruhusu vinginevyo, kisha ikawa yenyewe baada ya China kufungua rejareja kwa wageni mwishoni mwa 2004. Haikumuuzia mtu misumari. Ilimwonyesha chumba kilichokamilika, chenye ukubwa wa vyumba vya fleti za mjini, mpaka kibaraza cha kuanikia nguo kikawekwa kwenye maonyesho. Mwanzoni bei zake, ambazo Ulaya ni za watu wa kawaida, Shanghai zilionekana za matajiri. Ikazishusha mwaka baada ya mwaka, ikaanza kutengeneza vitu vingi zaidi hukohuko, na meza moja ndogo maarufu ikatoka yuan 120 ikafika 39. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kukaa sakafuni na bisibisi, huduma ya kupelekewa na kufungiwa samani ikatiliwa mkazo.

Watu walikuja hata kulala. Kweli, kulala: wamevua viatu, wamejifunika shuka la maonyesho, mtoto katikati. Kwenye mkahawa wa IKEA wa mtaa wa Xuhui, Shanghai, wazee wajane na waliotalikiana walijifanyia kijiwe cha kutafuta wachumba, wakinywa kahawa ya bure ya kadi ya uanachama saa nzima hadi nyingine. Mwaka 2016 duka lilibandika tangazo kwamba anayetaka kiti anunue chakula kwanza. Miaka yote kabla ya hapo waliachwa. Mtu aliyewahi kulala kwenye kitanda chako atakuja kukinunua siku pagale lake litakapokuwa tayari.

Kwa hiyo wawili hawa waliishia kwenye mlango mmoja, mmoja akaanguka na mwingine akakaa. Tofauti ni kwamba IKEA iliruhusu duka lake la China kuwa na bei, vyumba na huduma tofauti na za kwao. Home Depot ilisafirisha duka zima, pamoja na dhana ya mteja mwenye gereji na mkanda wa vifaa kiunoni. B&Q ya Uingereza, iliyofika mapema zaidi, 1999, na kuwa na maduka zaidi ya 60, nayo mwishoni mwa 2014 ilikubali kuuza asilimia 70 ya biashara yake ya China kwa kampuni ya hukohuko, Wumei.

Wengine wa mlango huu nawapitia haraka. Mattel, watengenezaji wa mwanasesere Barbie, ilifungua jumba la Barbie la ghorofa sita Shanghai mwaka 2009, na 2011 likafungwa. Best Buy, wauza vifaa vya umeme wa Marekani, ilifunga maduka yake tisa Februari 2011. Yenyewe ilinunua bidhaa na kuajiri wauzaji wake, wakati wapinzani wa hapo, Gome na Suning, walikuwa wanawakodisha watengenezaji nafasi, kila mtengenezaji analeta muuzaji wake na kukubali bei ishuke. Jina lake la Kichina, Baisimai, lilisomeka kama "fikiria mara mia ndipo ununue". Watu walifikiria.

Kisa cha eBay, soko la mtandaoni la Marekani, kinastahili kusimama peke yake, maana hapo mgeni alikuwa na mwenyeji mkononi akamtupa. Mwaka 2002 ilinunua theluthi ya EachNet, soko la mtandaoni lililokuwa linaongoza China, na 2003 ikamalizia iliyobaki kwa dola milioni 150. Kisha mwaka 2004 ikaihamishia kwenye mfumo wa dunia nzima, seva zikiwa Marekani. Tovuti ikawa nzito, vitu walivyovizoea wauzaji vikatoweka, na kila marekebisho yakawa ombi la kuvuka bahari. Taobao ya Jack Ma, soko pinzani, ilikuwa imezaliwa Mei 2003. Ikawaambia wauzaji wasilipe chochote. Ikaweka Alipay, ambayo huishikilia pesa katikati hadi mnunuzi aseme mzigo umefika. Anayenunua nguo kwa picha za Instagram hapa kwetu anajua thamani ya kitu hicho, kwa jinsi tunavyovutana kati ya "lipa kwanza nitume" na "tuma kwanza nilipe". Halafu ikaweka sehemu ya kuzungumza, ili mnunuzi na muuzaji wapatane bei kabla ya kununua. eBay iliogopa wakizungumza wataelewana pembeni na kuikwepa ada. Mwishoni mwa 2006 ikaifunga tovuti yake na kujiunga na kampuni ya hapo kwa kilichobaki.

Wanaofaa mlango huu ni wale ambao ugeni wao ndio bidhaa. Louis Vuitton ilifungua Beijing mwaka 1992, ndani ya hoteli, na haikuhitaji kuutengeneza mkoba kwa ladha ya hapo. Mnunuzi anataka uleule wa Paris. Shida ya hawa ni kwamba ugeni huohuo ukigeuzwa dharau hakuna mwenyeji wa kujificha nyuma yake. Novemba 2018 wanamitindo wa Italia, Dolce & Gabbana walitoa video za mwanamke wa Kichina akihangaika kula piza kwa vijiti, onyesho lao la Shanghai likafutwa siku ileile lilipotakiwa kufanyika, na maduka ya mtandaoni yakaziondoa bidhaa zao. Machi 2021 ikawa zamu ya wauza nguo wa Sweden, H&M, kwa sababu ya tamko lake kuhusu madai ya kazi za kulazimishwa kwenye pamba ya jimbo la Xinjiang. Ilipotea kwenye masoko ya mtandaoni ya Tmall na JD, na aliyetafuta duka lake kwenye ramani za simu hakuliona, wakati jengo lilikuwa palepale mtaani. Hasara ya namna hiyo humpata yeyote, ila wa mlango wa kwanza huibeba peke yake.

Ubia

Kwa miaka mingi huu ulikuwa mlango pekee uliokuwa wazi. KFC yenyewe ilianza hivyo. Volkswagen ilisaini ubia wake wa Shanghai mwaka 1984, na sharti la ubia kwa magari ya abiria liliondolewa kabisa 2022 tu. Leo wengi hawalazimishwi, wanauchagua, kwa hiyo ni haki kuuliza unanunua nini humo.

Unanunua mtu anayejua ofisi ipi hufungua saa ngapi, msambazaji yupi analipa, na mji upi wa daraja la tatu una njaa ya bidhaa yako. Unalipa kwa kumpa nusu ya nyumba.

Kisa cha kukikumbuka ni cha Danone na Wahaha. Wahaha ya Hangzhou, iliyoasisiwa na Zong Qinghou, ilijulikana kwa vinywaji vya watoto. Danone ya Ufaransa iliingia naye ubia mwaka 1996, na baadaye ikashika asilimia 51. Kwa hesabu ya Ulaya, mwenye 51 ndiye mwenye neno. Ila mwenye viwanda, wasambazaji na wafanyakazi wanaomwita baba alikuwa Zong. Mwaka 2007 Danone ilijitokeza hadharani ikisema Zong ana kampuni nyingine nje ya ubia, zinatengeneza vinywaji vilevile kwa jina lilelile na kuviuza kupitia watu walewale. Kesi zikafunguliwa China, Marekani na hadi Stockholm. Ikabainika pia kwamba uhamisho wa jina la Wahaha kwenda kwenye ubia haukuwahi kuidhinishwa na mamlaka ya alama za biashara. Septemba 2009 Danone ikakubali kuuza hisa zake na kuondoka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahaha ilipona barabara.

Nikiupima kwa swali langu, ubia uko katikati kwa kila kitu. Maamuzi hayavuki bahari yote, lakini yanapita meza mbili, na meza hizo zikikosana husimama kabisa. Humfaa anayehitaji kiwanda au kibali asichoweza kukipata mwenyewe. Mengine ningeyapeleka mlango unaofuata, ambako angalau inajulikana nani anashika usukani.

Kumwachia mwenyeji

KFC ilifungua duka lake la kwanza China Novemba 1987, Qianmen, mwendo mfupi kutoka uwanja wa Tiananmen. McDonald's ilifuata Shenzhen mwaka 1990. Kwao Marekani McDonald's ni kaka mkubwa. China ikawa kinyume, na watu wanaoeleza sababu hutaja kwamba Wachina wanapenda kuku kuliko ng'ombe. Ni kweli, ila haitoshi.

KFC iliwaweka kwenye uongozi watu waliokulia kwenye vyakula hivyo, wengi wao kutoka Taiwan, na kuwaacha wapike. Asubuhi ukaingia uji wa mchele. Ukaingia youtiao, mkate mrefu wa kukaangwa ambao mtu wa pwani angeuita ndugu ya mahamri, ule ambao Mchina huchovya kwenye maziwa ya soya akielekea kazini. Kuku akaviringishwa kwenye chapati nyembamba pamoja na tango na mchuzi mtamu, kwa namna ya bata wa Beijing. Vitobosha vya mayai vyenye asili ya Wareno wa Macau vikawa maarufu kuliko kuku kwa baadhi ya wateja. Na haikung'ang'ania miji mikubwa. McDonald's kwa muda mrefu iliuza baga, na ilifikiri kwanza kabla ya kusogea.

Novemba 2016 kampuni mama ikaikata China ikawa kampuni inayojitegemea, Yum China, ambayo huilipa mrabaha wa asilimia 3 ya mauzo. Miezi michache baadaye McDonald's ikauza asilimia 80 ya biashara yake ya China kwa CITIC, kampuni ya hukohuko, na Carlyle, wawekezaji wa Marekani. Kabla ya hapo wote wawili walikuwa wametikiswa, mwaka 2014, na televisheni ya Shanghai iliyoonyesha nyama iliyopitwa na muda ikichanganywa upya kwenye kiwanda cha Husi. Kiwanda hicho kilikuwa cha kampuni ya Marekani. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mgeni mwenzako ndiye msambazaji wa kuaminika.

Kilichofuata ndicho kilichonishawishi kuhusu mlango huu. KFC ilifika duka la 10,000 Desemba 2023. McDonald's, iliyokuwa na maduka karibu 2,500 wakati wa kuuza, ilivuka 5,500 ndani ya miaka sita, na mwaka huohuo wa 2023 wenye McDonald's wakakubaliana na Carlyle kuinunua sehemu yake, kutoka asilimia 20 wakarudi 48. Waliuza, mwenyeji akastawisha, wakarudi kununua kwa bei ya juu. Sioni aibu humo.

Starbucks ilipita njia ndefu zaidi. Ilianza Beijing Januari 1999, mikoa mingine ikiendeshwa na wabia, ikaja kuwanunua, na mwaka 2017 ikalipa dola bilioni 1.3 kuichukua China mashariki yote. Mwaka huohuo ikazaliwa Luckin, mpinzani wake wa Kichina. Hawa wawili ukiwaweka pamoja ni kama hoteli na mama ntilie. Starbucks inakuuzia kiti, muziki, na saa mbili za kukaa na kompyuta, latte kwa yuan 30 hivi. Luckin ya karibu na kwangu ilikuwa kidirisha kwenye korido ya jengo la ofisi, hakuna kiti hata kimoja. Pesa taslimu hawana haja nazo. Unaagiza kwenye simu ukiwa kwenye lifti, ukifika kikombe kinakungoja kina karatasi yenye namba yako, unachomoa na kwenda. Mwaka 2023 wakati wa vita vya bei kikombe kilishuka hadi yuan 9.9.

Usisahau kwamba Luckin ilikamatwa mwaka 2020 ikiwa imeghushi mauzo ya yuan bilioni 2.2 na kuondolewa kwenye soko la hisa la Nasdaq. Kwingine huo ungekuwa mwisho wake. Uongozi ukabadilishwa, maduka yakaendelea, na kufikia Juni 2023 ilikuwa imefungua la 10,000. Septemba hiyo ikatoa latte yenye pombe kali ya Moutai, ile inayonywewa kwenye karamu za wakubwa, ikauza vikombe milioni 5.42 siku ya kwanza. Wazo kama hilo likianzia ofisi ya China ya kampuni ya Seattle kama Starbucks, lingepita mikono mingapi kabla ya kuruhusiwa kuchanganya kahawa na pombe?

Kasoro ya mlango huu ni mbili. Unapata sehemu ndogo ya faida, na jina lako linakaa mikononi mwa mtu ambaye hukai naye nyumba moja. Ukipata mwenyeji dhaifu, atakuharibia jina na mkataba wa miaka 20 utakufunga mikono. Ukipata mwenye nguvu, kuna siku atakuwa mkubwa kuliko wewe. Fila ni mfano mzuri wa upande wenye neema: Anta, kampuni ya Kichina ya nguo na viatu vya michezo, ilipata haki za jina hilo kwa China mwaka 2009, ikalifufua na kulifanya chimbuko kubwa la mapato yake. Jina ni la Italia, lakini anayekula vizuri ni Anta.

Dirisha

Tangu 2014 kuna Tmall Global na wenzake, ambako kampuni ya nje huuza moja kwa moja kwa mnunuzi wa China bila kusajili kampuni huko. Mzigo hukaa kwenye ghala la forodha au hutoka nje ukiagizwa. Ulipata nguvu kwa sababu ya hofu. Mwaka 2008 maziwa ya watoto yaliyotiwa melamini, kemikali ya viwandani, yaliwafanya watoto karibu 300,000 waugue na sita wakafa, na wazazi wakaanza kutafuta kopo lililofungwa nje ya nchi. Vipodozi visivyojaribiwa kwa wanyama navyo viliingilia hapo, kwa kuwa hadi 2021 sheria ya madukani ililazimisha majaribio hayo kwa bidhaa zote za nje.

Ni mlango mdogo kweli. Mnunuzi ana kikomo cha yuan 5,000 kwa oda na 26,000 kwa mwaka. Kuna dhamana ya kuweka, ada, na kamisheni, na bila kumlipa mtangazaji wa mubashara mwenye wafuasi, duka lako litakuwa kama kioski kwenye barabara isiyopita watu. Hata hivyo unaweza kujua ndani ya mwaka kama watu wanaitaka bidhaa yako. Home Depot ilichukua miaka sita na dola milioni 160 kulijua hilo.

Sasa uchague upi

Ukiuza chakula, kinywaji au kitu chochote kinachonunuliwa kila siku, nenda kwa mwenyeji, na umpe ruhusa ya kweli ya jikoni. Ukiuza anasa, au kifaa ambacho hakuna mwingine anacho, nenda mwenyewe na uwe na mtu wa hapo anayetazama matangazo yako kabla hayajatoka. Ukiwa na kiwanda kizito, ubia, ila kagua jina limesajiliwa kwa nani. Ukiwa mdogo, dirisha. Na ukiwa na jukwaa la mtandaoni kama eBay, Amazon au Uber, ningekushauri ubaki nyumbani. Wote watatu walikwenda, na wote watatu waliwaachia wenyeji uwanja.

Lipo jambo moja la kufanya kabla ya mlango wowote. China humtambua kwanza aliyewahi kusajili jina, na kulitumia muda mrefu hakukupi mengi. Apple mwaka 2012 iliilipa kampuni ya Proview ya Shenzhen dola milioni 60 ili itumie jina la iPad. Michael Jordan alipigana miaka na kampuni ya Qiaodan, ambalo ndilo jina "Jordan" kwa Kichina, na ushindi wake wa 2016 katika Mahakama Kuu ya Watu ulikuwa wa baadhi tu ya alama. Sajili jina lako la Kilatini, na jina la Kichina pia, maana usipojipa la Kichina, wanunuzi watakupa, na mtu mwingine atakwenda kulisajili.

Hili linatugusa sisi pia. Tangu tarehe 1 Desemba 2024 China haitozi ushuru bidhaa za nchi zenye maendeleo duni zaidi zenye uhusiano wa kidiplomasia nayo, na humo zimo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kenya haikuwamo kwenye kundi hilo, ingawa parachichi zake zilianza kuingia huko 2022. Kwa gunia la kahawa lisilo na jina, milango yote niliyoeleza haikuhusu. Unauza kwa jumla na basi. Kwa pakiti ya nusu kilo yenye jina lako, anza na dirisha. Maonyesho makubwa ya bidhaa za nje ya Shanghai hufanyika kila Novemba, na waandaaji hukupa meza, taa na ukuta wa kubandika bango. Ombi la kusajili jina liwe limeshapokelewa Beijing kabla bango hilo halijachapishwa.